Kikombe cha Marehemu

Mdogo wangu alisema maneno yake ya kwanza siku ya arobaini ya baba yetu, na maneno yenyewe yalikuwa ya baba.

Ngoja nieleze vizuri, maana kila nikisimulia jambo hili watu hunikodolea macho kama nauza hirizi. Mdogo wangu, mtoto wa kike, alikuwa anaelekea miaka saba. Tangu azaliwe hakuwahi kutamka hata "mama". Alikuwa anaguna tu, kutwa anazungusha kifuniko cha sufuria sakafuni, kikianguka anakizungusha tena. Ukimwita hageuki. Ukimshika ghafla anapiga kelele mpaka majirani wa Tandika nzima wanajua. Majina aliyopewa mtaani siyataji, maana waliompa wengine bado wazima na tunasalimiana.

Siku ile watu wa hitma walikuwa wamekula wakatawanyika. Wanawake wako uani wanasugua masufuria, mama yuko chumbani kwenye eda yake, mie nafagia ukumbi. Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Kilikuwa kikohozi cha baba, kile kikavu alichotoka nacho kiwandani kwenye vumbi la pamba. Kisha ikafuata sauti ya mtu mzima aliyechoka: "Leteni maji, jamani."

Ufagio ukanitoka mkononi. Nikageuka, nikamkuta mdogo wangu amesimama kizingitini, pale pale baba alipozoea kukaa akivua viatu, anatazama ukutani. Bibi ndiye aliyekuja mbio kutoka uani na povu la sabuni mikononi, maana naye alisikia. Akauliza nani kasema. Nikanyoosha kidole. Bibi yangu, mwanamke ambaye hata msibani hakulia mbele za watu, akakaa chini sakafuni kama mzigo uliotuliwa.

Baba alikuwa mwanawe wa pekee. Hilo ulijue mapema, ndiyo sababu ya yote.

Sasa, kwetu sie watu wa pwani, mzimu ukitaka kusema humpanda mtu, na yule mtu aliyepandwa huitwa kiti. Kiti hakiulizwi kitu. Anayeulizwa ni mgeni aliyekikalia, na mgeni ndiye anayekaribishwa, kwa adabu zake zote. Kwa hiyo bibi hakumtazama mjukuu wake hata mara moja. Alichukua kikombe cha bati cha baba, kile cheupe chenye ukingo wa buluu, akakijaza maji, akakiweka kizingitini. Akatia ubani kwenye chetezo. Akasema karibu mwanangu, maji haya hapa, unywe upoe.

Mdogo wangu akanyoosha mkono kwenye kikombe. Bibi akampiga kofi la mkono, si la kuumiza, la kumwonya, akamwambia si yako hiyo, ni ya baba yako. Mtoto akanyoosha tena, akapigwa tena. Moshi wa ubani ukamjaa usoni. Ndipo alipoanza kupiga mayowe, akijing'ata kiganja na kugonga kichwa ukutani, na wanawake waliokuwa uani wakajazana mlangoni wakisema amepanda, amepanda kweli. Maji yakabaki kikombeni mpaka yakaingia vumbi.

Ikawa ndiyo maisha yetu. Sauti ya baba ilikuja kila siku, maji yakawekwa kizingitini, mtoto akaambulia mafunda machache ya usiku, na maneno yaliongezeka. Akienda mlangoni: "Mama watoto, fungua." Redio ya mpangaji ikipigwa kwa nguvu: "Zimeni hiyo, kichwa kinaniuma." Na chakula kikitengwa jioni, kile kikohozi, halafu: "Nimekula, mama, nimeshiba. Wape watoto."

Hili la mwisho bibi alilipenda kuliko yote. Akilisikia alinyanyua mikono, anasema alhamdulillahi, mwanangu huko aliko kashiba. Na kwa kuwa kiti kikiwa kimekaliwa hakilishwi, sahani ya mdogo wangu iliondolewa mpaka mgeni ashuke. Mgeni akishuka, wali umeshapoa, na mdogo wangu hali kitu kilichopoa. Ndivyo alivyo mpaka leo.

Watu wakaanza kuja. Mmoja kapotelewa na baiskeli, mwingine anataka kujua kama mume wake wa Manzese kaoa huko au la. Wanakaa ukumbini na kanga zao mabegani, wanangoja baba aseme. Akisema kichwa kinaniuma, wanaondoka wakitafsiri. Ilinichoma roho, wallahi. Baba alipokuwa hai hakuna aliyemuuliza hata bei ya nyanya, kafa ndiyo kawa mshauri wa mtaa.

Lakini na mie niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nililala kitanda kimoja na mdogo wangu. Nilikuwa nampenda baba yangu, na nilitamani kusikia sauti yake kuliko kitu chochote, na ilipokuja nilijifunika shuka. Jua likianza kuegemea, natafuta kisingizio cha kubaki uani. Nilikuwa naitazama ile shingo nyembamba ya mtoto, kisha kikohozi kinatoka humo.

Na shingo ilizidi kuwa nyembamba. Mama alipotoka eda akaanza kuuza supu ya utumbo, alfajiri anakwenda machinjioni Vingunguti, anarudi na ndoo kichwani. Yeye ndiye aliyemwona mtoto kwa macho ya mtu aliyekuwa ndani siku nyingi: midomo imepasuka, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Lakini nyumba ilikuwa ya bibi, na mama alikuwa mjane mkwe. Hakuthubutu. Mteja mmoja wa supu akamwambia kuna mama mmoja wa bara, muuguzi mstaafu, kafungua kliniki yake Temeke, mtaa wa pili kutoka sokoni, anatazama watoto kama huyu.

Zilikuwa zile enzi za ruksa. Kila mtu anafungua kitu: duka la mitumba, baa, mashine ya kusaga. Serikali ilisharuhusu tena watu binafsi kutibu, na kila kona kibao cha zahanati, nusu ya waliomo humo walikuwa wanajua kuchoma sindano tu. Kliniki ya huyu mama watu waliiita kwa vichaa, kwa sababu alifanya kazi miaka mingi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Mama akanituma mie. Bibi akaambiwa tunakwenda kupima minyoo.

Ilikuwa nyumba ya kupanga kama nyingine, baraza limepakwa rangi ya kijani, uani kuna bembea ya tairi na mikeka. Palikuwa na watoto. Mmoja anazunguka mduara peke yake, mwingine kaziba masikio na anacheka. Nikasimama mlangoni nikiwatazama, maana siku zote nilidhani mdogo wangu yuko peke yake duniani.

Sista, ndivyo tulivyomwita sote, hakumshika. Alimsalimia, akakaa chini mkekani mbali kidogo, akachukua kifuniko cha sufuria na kukizungusha. Mdogo wangu akasogea kukitazama. Wakakaa hivyo muda mrefu, mie nimeanza kuchoka, nawaza huyu naye ni mgonjwa au mganga. Kisha kikohozi. "Leteni maji, jamani."

Sista akageuka kwenye mtungi, akachota, akampa.

Nikaruka. Nikamwambia usimpe, si yake hayo, atadhurika. Nilikuwa nimechelewa. Mdogo wangu alikishika kikombe kwa mikono miwili akanywa mpaka maji yakamtiririka kifuani. Akarudisha kikombe. Sista akajaza tena, akanywa tena. Mie nimesimama, nangoja kuona ataanguka au atafanywa nini. Hakufanywa kitu. Alishusha pumzi, akarudi kwenye kifuniko chake.

"Alikuwa na kiu," Sista akasema.

Nilikaa chini nikamweleza yote, ubani, kizingiti, sahani. Nilitegemea atacheka, maana watu wa bara walikuwaga wanatucheka sana kwa mambo haya. Hakucheka. Aliniuliza kila neno linasemwa wakati gani, yuko wapi, anatazama nini. Akaniambia mtoto huyu haumwi na hajapandwa, ndivyo alivyo, na wako wengi. Maneno ya kwake kuyatunga bado hajui, lakini anayashika ya wengine mazima mazima, na sauti yake na kikohozi chake, pamoja na jambo lililokuwa likitendeka. Baba akisema leteni maji, maji yanakuja. Baba akisema fungua, mlango unafunguliwa. Naye kaona ndiyo njia. Neno usonji nililisikia miaka mingi baadaye. Siku ile sikupewa jina lolote, nilipewa kazi: akiomba maji, apewe yeye.

Nikauliza na bibi je. Sista akasema mlete. Nikacheka mie sasa, maana bibi yangu huwezi kumpeleka mahali.

Tukawa tunakwenda kwa siri, na nyumbani nampa maji jikoni kabla hajayaomba. Akanenepa kidogo. Mayowe yakapungua, na sauti ya baba nayo ikapungua, kwa kuwa mtu asiye na kiu haombi maji. Bibi akaanza kukaa kizingitini jioni na chetezo chake, anangoja. Baba haji. Bibi alikuwa anaita jina la mwanawe taratibu, kama mtu anayeita kuku asije akamshtua. Nikimkumbuka pale mlangoni, mpaka leo naumia. Mtu alimzika mwanawe, akarudishiwa, sasa anamwona anaondoka tena na hajui kwa nini.

Akajua. Mtaani hakuna siri, aliambiwa wajukuu zako wanapelekwa kwa vichaa. Akaja, kanga kajifunga kifuani, mie namwona anaingia getini nikawa mdogo kama piritoni. Ilikuwa saa ile ya alasiri ambayo Sista huwakusanya kina mama kwenye mikeka, wanakunywa kahawa na kuongea yao: nani kaachwa kwa sababu ya mtoto, nani kafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga.

Bibi hakusalimia. Alisema, na sauti ilikuwa imevunjika, "Umemfukuza mwanangu."

Sista akainuka. Akampa shikamoo, akamtandikia mkeka, akamwambia bibi, karibu, kaa kwanza, mjukuu wako yupo. Ugomvi hakuutaka wala hakuukimbia. Bibi akakaa. Mdogo wangu alikuwa kwenye mlango wa uani, anagusa komeo. Ikatoka sauti ya baba, "Mama watoto, fungua," na bibi akashika kifua. Sista akaenda akafungua. Mtoto akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye bembea akakaa.

Bibi aliitazama ile bembea.

Baada ya kubembea na jua lile, mtoto akarudi anahema. Kikohozi, leteni maji. Sista akachota, lakini kikombe hakumpa mtoto, akamkabidhi bibi. Akamwambia mpe wewe. Bibi akakishika kwa mikono miwili, maji yanacheza ndani. Nikajua anatafuta kizingiti kwa macho. Mtoto akamsogelea, na kwa mara ya kwanza katika uhai wake akaweka mkono wake juu ya mkono wa bibi, si kwa mapenzi, kwa kuvuta kikombe. Bibi akauachia mkono uvutwe. Mtoto akanywa, bibi akiwa ameshikilia kikombe chini, mpaka kikaisha.

"Kwa hiyo mwanangu hakuja," bibi akasema.

"Hakuja, bibi. Aliyekuwa anaita ni mjukuu wako."

Kina mama wakainamisha vichwa. Mie nililia. Nililia kwa sababu na mie nilikuwa nimengoja aje, pamoja na woga wangu wote.

Lakini bibi hakuwa mtu wa kukubali yaishe. Akajifuta uso kwa pindo la kanga akamwuliza Sista, na hilo la kushiba je? Mtoto anayetaka maji ataomba maji, sawa. Mtoto mwenye njaa atasemaje nimeshiba? Hilo si la mtoto, hilo ni la mwanangu. Akasema hivyo kwa ukali, na nilimwona amelikumbatia neno lile, ndilo pekee lililobaki.

Sista akakiri kwamba hata yeye limemshinda. Nimemchunguza, akasema, nimeona hulisema chakula kinapotengwa, kabla hajala, na hapa pia hulisema saa ya uji, kisha uji anaumaliza wote. Kwa hiyo analisema akiwa na njaa. Kwa nini, sijui. Wewe ndiye mama yake yule aliyelisema.

Kahawa ikapoa kwenye vikombe. Sista hakumharakisha.

"Hakuwa ameshiba," bibi akasema.

Akaongea akitazama mkeka. Kiwanda kilipouzwa na watu wakapunguzwa kazi, baba alikuwa anashinda akibeba mizigo ya mitumba, anarudi magharibi. Chungu kilikuwa kidogo. Anasimama mlangoni, anaulizwa na mama yake, umekula, mwanangu? Anajibu nimekula, mama, nimeshiba, wape watoto. Kala wapi, na tumbo limeshikana na mgongo? "Nilijua," bibi akasema. "Nilikuwa najua, nikawagawia watoto." Na mtoto mmoja asiyesema, asiyetazama mtu, alikuwa anazungusha kifuniko chake pale chini miguuni kwa baba, analisikia lile neno na kulisikia tumbo la baba linavyonguruma. Wote tulisikia maneno. Yeye alijua maana yake.

Jioni ile kikombe cha bati kiliondoka kizingitini. Bibi alikisugua kwa majivu, akakipa mjukuu wake, kikawa chake. Chetezo kikarudi uvunguni. Waliokuja kuuliza baiskeli zao walijibiwa na bibi mwenyewe, na majibu aliyowapa siyaandiki hapa. Kwa Sista akawa haachi. Alikuwa anakaa kwenye mkeka na kina mama, wageni wakija na watoto waliofungwa hirizi shingoni anawaambia, kwanza mpe maji, halafu mengine tutaona.

Kitu kimoja hakukiacha. Kila jioni chakula kikiwa tayari, aliketi mbele ya mdogo wangu akauliza, "Umekula, mwanangu?" Akangoja. Kikohozi kikaja, na jibu. Ndipo alipomlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, mpaka mtoto alipogeuza uso. Nilimwuliza Sista kama si vibaya, akasema mtoto anakula, mwache bibi yako.

Mdogo wangu akajifunza kuonyesha kwa kidole, akajifunza maneno machache. Siku aliposema "maji" kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, isiyo na kikohozi, kliniki nzima walimpigia vigelegele. Nilifurahi. Na nilipofika nyumbani niliingia chooni nikalia, maana nilijua leteni maji jamani sitaisikia tena. Ndivyo ilivyokuwa. Baba aliondoka neno baada ya neno, tukishangilia kila moja.

Kliniki haikudumu. Mwenye nyumba alipata mnunuzi, Sista akajaribu mahali pengine, baadaye akarudi kwao bara. Pale sasa wanauza vifaa vya ujenzi. Mdogo wangu akakua, akawa mwanamke mrefu kuliko mie. Bibi alipozeeka macho yalimwishia, lakini alimlisha hivyo hivyo kwa kupapasa, na neno la kushiba ndilo la baba lililobaki, mpaka nalo likapotea. Miaka ya mwisho bibi alikuwa anauliza na mdogo wangu anafungua mdomo tu kama kinda, hasemi.

Bibi akafa. Siku ya kuanua matanga nyumba ilijaa, watu wanapishana ukumbini na masinia, kila mmoja akidhani mwingine kashughulika na mdogo wangu. Alikuwa amekaa pale chini na kifuniko chake. Jua limeegemea. Nikasikia mtu ananyonya fizi, kama bibi alivyofanya kabla ya kusema.

"Umekula, mwanangu?"

Ilikuwa sauti ya bibi. Kisha kikohozi kikavu, ambacho nilikuwa sijakisikia kwa miaka mingi, na sauti ya mtu aliyechoka ikamjibu mama yake.

"Nimekula, mama, nimeshiba. Wape watoto."

Sahani ikaanguka mahali. Shangazi mmoja wa mbali akaanza kuita ubani, leteni ubani, wamekuja wote wawili. Akanishika mkono akaniuliza kwa kunong'ona ni nani huyo anayesema.

"Ni mdogo wangu," nikamjibu. "Ana njaa."

Nikaenda jikoni, nikampakulia wali wa moto, nikaketi mbele yake. Mdogo wangu alikuwa bado anauliza na kujibu, anauliza na kujibu, bibi na baba, wanaongea pale ukumbini kama jioni yoyote. Nilikuwa na tonge mkononi. Nilitaka kuwasikiliza kidogo tu, mara moja zaidi. Akafungua mdomo, nikamlisha, na wote wawili wakanyamaza.